Idadi ya Wanufaika

Ramani ya serikali ilisema tumeshahudumiwa.
Ilitupaka kijani, rangi ya walioshiba,
kwa kuwa nyumba moja, ya mwenye maghala ya ngano,
hunasa mtandao ukipanda paani
siku isiyo na upepo.
Dakota Kaskazini, siku isiyo na upepo
ni mgeni wa mara moja kwa mwaka.

Mimi karani wa zahanati ya Halvorsby,
mwenye kiti kibovu na kalamu mbili,
nikaandika kwamba ramani inasema uongo.
Wakajibu: leteni ushahidi.
Kisichokuwepo kinapimwaje?
Nikazunguka na simu, shamba hadi shamba,
gari likizama thelujini,
nikiipiga picha sufuri.
Verlene, muuguzi wetu, akacheka:
"Leo umekuwa mpiga picha wa hewa."

Kisha fomu. Kurasa sitini na nne.
Eleza hitaji lenu kwa maneno yasiyozidi mia moja.
Mia moja!
Arvid Tollefsrud peke yake ana vidonge kumi na kimoja kwa siku,
mguu usiopona tangu mavuno,
na maili mia mbili na ishirini hadi kwa daktari wa kisukari,
theluji isipokataa.
Nikayahesabu maneno kama anavyohesabu vidonge,
nikaondoa "tafadhali", nikaondoa "wazee",
nikaacha "mguu".

Swali la tisa: Idadi ya wanufaika.
Watu mia mbili na kumi na wawili, niliandika,
na wote ningeweza kuwataja kwa majina.

Wasema subira huvuta heri.
Labda. Waya haivuti.

Miaka miwili na miezi mitatu.
Bajeti ikasimama, ikaanza, ikapewa jina jipya.
Mbunge akaja kukata utepe wa kitu ambacho hakijafika,
akala keki, akaisifu keki.
Inga-Marie Skaar alifariki Februari, moyo,
ndani ya gari la mwanawe,
kibao cha barabarani kikisema zimebaki maili arobaini.
Mzee Ostby akamfuata kabla ardhi haijayeyuka.
Wa tatu simtaji hapa.
Mama yake bado huja zahanati kila Jumatano.
Hana miadi. Hukaa tu.

Wachimbaji walifika Juni.
Mkongo ni mwembamba, sikutarajia:
nyuzi za kioo, kila mmoja kama unywele,
ndani ya bomba la rangi ya chungwa,
zikapita chini ya alizeti, chini ya makaburi.
Hapana, kando ya makaburi, alinisahihisha mhandisi.
Kanuni inataka futi kumi.

Novemba, Arvid yuko kwenye kiti changu kibovu, mbele ya skrini.
Daktari Raghunathan yuko Fargo.
Huku kila kitu huganda;
uso wake haukuganda.
"Nionyeshe mguu, Bwana Tollefsrud."
Arvid akaona haya, soksi ilikuwa na tundu.
"Ningejua mguu unasafiri," akasema,
"ningeuvalisha vizuri."
Akauinua kuelekea kamera, taratibu,
kama anayempa mgeni mtoto mchanga ambebe.
Daktari akasogea karibu,
kutoka maili mia mbili na ishirini.
Akakaa kimya. Verlene akashika ukingo wa meza.
"Tumeuwahi," daktari akasema.
Arvid akauliza kama anaweza kuvaa soksi sasa.

Jana imefika fomu nyingine, ya ripoti.
Swali la nne: Je, idadi ya wanufaika imebadilika?
Kama ndiyo, eleza sababu.

Verlene ameshazima taa za ukumbini.
Nimeandika mia mbili na tisa.
Nafasi waliyoacha ya sababu ina mistari mitatu.
Imetosha.
Nimeandika majina.